Njia Ndani ya Ngitili

Kishapu,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Edson,

Sina salamu nyingi leo. Mimi mzima, Elieth mwanangu mzima, ng'ombe wazima. Mvua ilianza wiki mbili zilizopita, na siku ileile niliifunga ngitili yetu ya malisho kama baba alivyokuwa akifanya. Nilikokota matawi ya miiba mwenyewe, nikaziba mwanya wa bwawani na mwanya wa mlimani. Hapa kila mtu anajua maana ya ile miiba. Mpaka majani yakomae na nchi ikauke, haingii ng'ombe, haingii mbuzi, haingii mtu na panga lake. Majani yanayokua humo sasa ndiyo ng'ombe watakayokula mwezi wa nane na wa tisa, wakati huku kwingine kote kumebaki vumbi.

Jana nimekuta miiba imetupwa kando. Ndani ya ngitili kuna watu kumi na mmoja wanatembea kwa mstari, wana kofia, wana chupa za maji, na kila mmoja ameshika fimbo mbili nyembamba kama mtu aliyevunjika miguu yote. Niliwauliza wanakwenda wapi. Wakasema hawaendi mahali, wanatembea. Nikauliza tena nikidhani sikuwasikia vizuri. Mama mmoja wa mjini akanionyesha nguzo iliyopakwa rangi nyeupe na kijani, imechimbiwa chini ya mgunga wetu, ina mshale na maandishi: NJIA YA BONDE, KIUNGIO.

Unajua halmashauri walishatengeneza mahali pa kupumzika kule kwenye miti ya bwawani. Na mlimani walishachonga njia ya wageni. Kati ya bwawa na mlima, kufuata mto, ni ngitili yetu. Basi sisi ndio tumekuwa kiungio.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti Benjamini na tope langu miguuni. Akaniambia karatasi ipo na mwenye mali ameridhia. Nikamwambia anionyeshe. Akasema haonyeshi karatasi kwa mtunzaji, ngitili iko kwa jina la Edson, na mimi ni dada wa Edson. Alisema huku anacheka na mgambo wake wanacheka. Miaka tisa nafunga na kufungua, leo mimi ni mtunzaji.

Mkutano wa kijiji ni tarehe 8 Desemba. Nataka uandike kwa mkono wako kwamba hujamruhusu mtu yeyote. Usinipigie simu. Kwenye simu unapiga kelele mpaka salio linakwisha, na Benjamini atasema nimejitungia. Barua nitaisoma mbele ya watu wote. Mpe kondakta wa basi la Kahama, nitaichukua Mhunze siku ya mnada.

Dada yako,
Klara

*

Kalangalala, Geita,
1 Desemba 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama. Ndiyo kwanza nimetoka duarani kwenye machimbo, tope la shimo halijakauka mwilini, na nakuandikia hivyohivyo.

Benjamini ni mwizi. Alikuwa mwizi tangu shule, akila viporo vya wenzake na kusema mbwa ameingia. Leo amepewa muhuri. Mtu anavunjika mgongo huku ugenini, anakula ugali mkavu, anaumwa kifua kwa vumbi la mawe, na nyuma yake mtu mwenye tumbo anagawa bonde la baba yake kwa watu wanaotembea bila shida. Sisi tunatembea kwa sababu hatuna nauli. Wao wanapanda gari waje kutembea. Mwambie nikija nitaichomoa ile nguzo na nitaibeba mpaka mlangoni kwake.

Wala usihangaike na wapimaji, wale wanafuata wanachoambiwa. Shika Benjamini huyohuyo.

Maneno ya kusoma mkutanoni ni haya hapa chini:

«Mimi Edson, mtoto wa marehemu Wiliam, mwenye ngitili ya bondeni, nasema mbele ya kijiji kwamba sijamruhusu mtu yeyote, wa serikali au wa kampuni, kupitisha njia ndani ya ngitili yetu. Anayesema nimeruhusu ni mwongo na aonyeshe ushahidi.»

Soma kwa sauti kubwa. Usiogope.

Mdogo wako,
Edson

*

Kishapu,
9 Desemba 2024

Edson,

Nilisoma kwa sauti kubwa. Sikuogopa.

Nilipofika pale uliposema aonyeshe ushahidi, watu walipiga makofi. Wanawake wa kikundi chetu walisimama. Mimi nikaongeza na yangu, nikamwita Mwenyekiti mwizi mbele ya wakwe zake, nikasema na habari ya viporo. Watu walicheka sana. Benjamini hakukasirika. Alisubiri mpaka wakanyamaza, akafungua faili, akatoa karatasi, akampa mwalimu mkuu aisome, ili isionekane yeye ndiye anayesoma.

Jina ni lako. Saini ni yako, ile ya herufi E yenye mkia, uliyojifunza darasa la nne ukaacha shule darasa la tano. Tarehe ni ya Agosti. Halafu akatoa simu, akaizungusha kwa watu wa mbele. Na mimi nikapewa niangalie. Ni wewe, umevaa shati langu la bluu nililokushonea, umesimama ndani ya ngitili na kijana mwenye mashine ya miguu mitatu. Umenyoosha mkono kuonyesha mtoni. Unacheka.

Benjamini alisema neno moja tu: «Mama Elieth, mwizi ni nani?»

Niliomba msamaha nikiwa nimesimama palepale, Edson. Nilimwomba msamaha mtu yule mbele ya wakwe zake. Waliokuwa wamesimama upande wangu walikaa mmojammoja, wanatazama chini.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda nikaipita hiyo njia yote, kutoka bwawani mpaka mlimani, nione ulichowapa. Nilitembea kama wao, bila kwenda mahali. Wamekata upana wa watu wawili. Kwenye mteremko wameweka magogo kama ngazi. Nyasi changa zimekanyagwa mpaka zimekuwa kama mkeka mchafu, na maji ya mvua yameigeuza njia kuwa mfereji, yanashuka nayo mtoni na udongo wetu ndani yake. Kuna alama za kwato za mbuzi ambao si wetu. Mlango ukiwa wazi kwa mtu, mbuzi hawaulizi.

Lakini nitakuambia kilichonikata miguu. Ile njia ni nzuri. Inazunguka pale maji yanapolala chini ya mikwaju, mahali ambapo mgeni angezama mpaka goti. Inavuka mto kwenye mwamba, si kwenye mchanga. Inapanda kwa upande wa kivuli. Hakuna mpimaji anayejua hayo. Ilikuwa kama natembea nyuma yako wakati tunachunga. Kabla sijafika mlimani nilishajua kwamba karatasi ni ya kweli, hata ningekuwa sijaiona.

Na ule mstari wako kuhusu wapimaji. Mimi sikukuandikia habari za wapimaji. Niliuona mara ya kwanza nikaupita, kwa sababu nilikuwa nakuamini.

Tena kondakta ameniambia bahasha yako haikupandia Geita. Ilipandia Masumbwe. Unafanya nini Masumbwe?

Klara

*

Msituni, karibu na Masumbwe,
22 Desemba 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Sipo Kalangalala. Duarani nimetoka tangu mwezi wa saba. Ukuta wa shimo ulinishukia, nikafukiwa mpaka kwapa, wenzangu wakanitoa kwa majembe. Sikukuambia kwa sababu ungesema nirudi, na nirudi nije kufanya nini. Mwezi wa nane nilikuja nyumbani kupumzika kifua, unakumbuka, nilikaa siku sita, na wewe siku mbili ulikuwa Shinyanga hospitali na Elieth.

Siku hizo mbili ndipo alikuja yule mpimaji, anaitwa Benedict. Alinikuta kivulini. Ni kijana mpole, alisalimia vizuri, akasema wanaangalia kama bonde linapitika kwa miguu kutoka bwawani mpaka mlimani. Akaniuliza, ninyi wenyewe mnaruhusu watu wapite?

Dada, ulikuwa mwezi wa nane. Ngitili ilikuwa wazi. Wewe mwenyewe ulikuwa umeitoa miiba wiki ile. Ng'ombe wa nusu ya kijiji walikuwa humo kwa zamu, akina mama wanaokota kuni, watu wanakatiza kwenda mnadani. Ngitili ikiwa wazi nani anamwambia mtu asipite? Ningemkatalia angenishangaa. Nilimjibu, «Piteni tu.» Nikamwona anakwenda kuzama kwenye tope la mikwaju, nikasimama nikamwonyesha. Ndiyo, nilicheka. Tulikuwa tunacheka kwa sababu alikuwa anaogopa ng'ombe.

Alinipa karatasi nisaini kwamba nimewaonyesha njia na sisi hatuna kinyongo. Nilisoma mistari miwili ya juu. Ya chini ilikuwa midogo na maneno yake marefu, niliona aibu kusoma polepole mbele ya kijana. Nikasaini. Hakuna mahali aliponiuliza na mvua ikija je. Na mimi sikusema, kwa sababu nani anaambiwa kwamba mvua ikija ngitili inafungwa? Hata mtoto wa kwetu anajua. Nilidhani naye anajua. Nilidhani wamejenga nyumba na ofisi na barabara, watakosaje kujua hilo.

Aliniona nakohoa akasema kuna kazi ya kuchonga njia kama hiyo huku Masumbwe, bonde lenye msitu, mradi uleule. Ndiyo kazi ninayofanya. Nakata njia, dada. Napaka nguzo nyeupe na kijani. Barua yako ya kwanza wenzangu wa Geita waliipitishia huku, nikaisomea juu ya ndoo ya rangi.

Ile niliyokujibu niliiandika kwa hofu. Nilijua karatasi ipo, ila nilidhani Benjamini hataitoa, kwamba akisikia sauti kubwa atarudi nyuma. Nikakutuma wewe ukapige ile sauti.

Lakini na wewe nikuulize. Ungekuwa umekaa pale kivulini siku ile, mwezi wa nane, ungemjibu nini yule kijana? Sema kweli. Ungesema piteni.

Edson

*

Kishapu,
5 Januari 2025

Edson,

Ndiyo. Ningesema piteni.

Sasa nikujibu na lile ambalo hukuuliza. Ningesema piteni, na mvua ilipoanza na watu wakaingia, ningesimama siku hiyohiyo nikasema, mimi ndiye niliyewaambia, nilikosea, hatukuelewana. Wewe ulikuwa na wiki nzima na karatasi nyeupe mbele yako, ukaandika kwamba hujamruhusu mtu. Usinifichie uongo wa Desemba nyuma ya kosa la Agosti. Kosa la Agosti nimeshalimeza. Lile lingine limekaa hapa kooni.

Na kufukiwa kwako mpaka kwapa nimekusikia. Nililia, halafu nikakasirika tena. Watu wa Geita wanajua kwamba ulizikwa ukiwa hai, dada yako hajui.

Sikia hali ilivyo. Tangu mkutano ule hakuna anayeiheshimu miiba yangu. Naziba asubuhi, jioni imetolewa. Wale wa kofia si wengi, wanakuja Jumamosi na Jumapili, wengine wananisalimia vizuri na mmoja aliniletea daftari za Elieth. Shida ni majirani. Wanasema ngitili yenye njia si ngitili, ni barabara. Wiki hii nimekuta ng'ombe wa watu watatu humo ndani, majani hayajafika hata gotini. Niliwafukuza. Mchungaji mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaniambia nimwonyeshe karatasi yangu kama Mwenyekiti alivyoonyesha yake. Ikiendelea hivi mpaka Machi hakutakuwa na kitu cha kufungua. Mwezi wa tisa nitakuwa na ng'ombe kumi na saba na vumbi. Mwaka ule baba alipochelewa kufunga ulikuwa mdogo, hukumbuki. Tulikuwa tunawainua asubuhi kwa kuwashika mikia, na wengine hawakuinuka.

Nimekwenda ofisi ya kata mara nne. Afisa wa wilaya atakuja Alhamisi tarehe 6 Februari kusikiliza. Wameniambia mimi sina la kusema kuhusu karatasi ambayo sikuisaini. Aliyesaini aje mwenyewe, aseme aliruhusu nini na hakuruhusu nini. Barua haitakubaliwa tena. Barua yako moja imetosha.

Uje. Ukikosa, usije tena.

Klara

*

Masumbwe,
26 Januari 2025

Dada Klara,

Shikamoo.

Nitakuja. Hata ningetaka kukaa, sina tena pa kukaa, na nitakuambia kwa nini, safari hii bila kuficha.

Njia ya huku ina vipande viwili. Kimoja kinatoka barabarani, kingine kinatoka kwenye daraja la zamani. Katikati kuna msitu mnene wa bondeni ambao hatukuwa tumeuingia, na Jumatano Benedict alituambia tuupite kwanza kwa miguu tuone pa kukata. Tulikuwa watatu, yeye, mimi, na Mwita, mtu wa Tarime ambaye hachoki kunitania. Mwita ananiita Mkuu wa Wilaya ya Ng'ombe, na kila nikikaa kimya ananiuliza kama nimekumbuka mkia gani.

Tulitembea saa tatu. Miti ya huku si kama yetu. Mininga imesimama mirefu, juu imeshikana, chini kuna giza la kijani na maji yanadondoka hata mvua ikikatika. Mto unausikia kabla hujauona. Tuliruka mizizi, tukapanda ukingo kwa mikono, Mwita akateleza akakaa kwenye maji akasema yuko sawa, ameamua kuoga. Mimi nilikuwa mbele. Miguu ilikuwa inatafuta njia yenyewe, huku kuna tope, huku kuna kivuli, pale pa kuvukia. Nilikuwa nafurahia, dada. Nakuambia ili ujue nilivyo. Nilikuwa nafurahia kazi yangu.

Tukafika mahali mizinga ya magome imening'inia juu ya miti, mingi, na nyuki wanaingia na kutoka. Chini yake kulikuwa na mama amekaa anasuka kamba. Mama wa Kisumbwa, mjane, wanamwita Mama Ansgar. Alikuwa na rozari shingoni na panga dogo kiunoni. Benedict alisalimia vizuri kama kawaida yake, akaeleza habari ya njia ya wageni. Halafu akauliza lilelile, kwa sauti ileile. «Mama, mnaruhusu watu wapite hapa?»

Mama akatucheka. Akasema jamani, mtu kupita ndiyo mpaka aombe? Karibuni, piteni.

Benedict akafungua begi kutoa karatasi.

Nilimwona mama anafuta mikono kwenye kanga ili ashike kalamu. Nikasema, «Mama, usishike.» Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyotaka, hata nyuki nadhani walinisikia. Nikamwambia, hao hawaombi kupita leo. Wanaomba kupita kila siku, masika na kiangazi, wewe ukiwepo na usipokuwepo, na watakata matawi yenye mizinga ili wageni wasiumwe. Muulize kwanza wanapita lini na hawapiti lini, na aandike hayo, na mtoto wako akusomee mpaka chini.

Benedict hakukasirika mara moja. Aliniita pembeni, akaniambia nimemvunjia heshima mbele ya mwenyeji. Nikamwambia na yeye amenivunjia nyumba. Hakujua ninachosema. Ndipo nikajua kwamba kweli hakujua, kwamba miezi yote hii alikuwa anaamini nilimpa bonde. Nikamweleza ngitili inafungwa lini na inafunguliwa lini, palepale, nimesimama kwenye maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, «Sasa mbona hukusema?»

Nilitaka kumpiga. Nakuambia kweli, ngumi ilishakunjika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anauliza kitu cha haki na mimi nilikuwa sitaki awe na haki.

Nikamjibu, «Mbona hukuuliza?»

Tulibaki tunatazamana kama majogoo wawili waliochoka.

Mama Ansgar alikuwa ameshaweka kamba zake kwenye kikapu. Alisema atasubiri mwanae Ansgar arudi kutoka Ushirombo, na karatasi ikae kwanza na walioileta. Tulirudi njia ileile. Jioni msimamizi akaniambia nisije kesho, na koti la kazi niliache. Sikubishana. Benedict alikuja nilipokuwa nafunga mzigo, akasema tarehe 6 yupo Shinyanga kwa shughuli zake, akipewa ruhusa atafika Kishapu. Sijui kama atafika. Simtegemei, na wewe usimtegemee.

Nitasema nilichosema Agosti, na nitasema nilichokuandikia Desemba. Vyote viwili.

Edson

*

Kishapu,
16 Februari 2025

Edson,

Uliondoka bila kula. Elieth alikuwa ameshasonga ugali, ukasema basi litakuacha. Basi la saa tisa huwa linatoka saa kumi, wewe unajua na mimi najua. Sikukuzuia. Sikuwa tayari kukaa na wewe mezani, na nadhani uliona.

Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo ningekuambia.

Ulisimama vizuri. Nilidhani utaanza na Benjamini, utapiga kelele, watu watacheka, tutarudi palepale. Ulianza na wewe. Uliposema, «Ile barua ya Desemba niliandika uongo, na dada yangu hakujua,» nilikuwa natazama ukuta. Sikutaka mtu anione usoni. Mwalimu mkuu aliyeisoma ile karatasi alivua miwani. Ile aibu waliyonivika haijatoka yote, ila tangu siku ile wanawake wawili wa kikundi wamerudi kukaa upande wangu, na mmoja amenirudishia jembe aliloazima mwaka juzi.

Yule kijana Benedict alikuja amechelewa, amelowa, akasema kweli hakuuliza habari ya mvua wala hakuambiwa. Hakukutetea na hakukukandamiza. Huyo nimemheshimu.

Lakini kitu kilichonikasirisha upya nataka ukijue. Afisa alipouliza mwenye ngitili ni nani, ulimtazama kwanza Mwenyekiti. Mwenyekiti akajibu kwa ajili yako, akasema ni Edson, iko kwenye kitabu. Ndipo ukasema hapana, anayeifunga na kuifungua ni Klara, mwandikeni Klara. Watu walisema umefanya jambo kubwa. Mzee mmoja akaja kunipongeza kwamba mdogo wangu amenipa ngitili.

Hukunipa, Edson. Huwezi kunipa kitu ambacho nimekilinda miaka tisa kwa mikono yangu yenye miiba. Ulisema lililokuwa kweli, umechelewa miaka tisa. Nakushukuru kwa kusema. Kwa kunipa sikushukuru.

Ulipoondoka kazi iliendelea. Karatasi mpya imeandikwa, nimeisoma mimi mwenyewe mpaka mstari wa chini, na nilipokuta neno refu nilisimama nikauliza, nao wakangoja. Njia inafungwa mvua ya kwanza inaponyesha na inafunguliwa siku ninayofungua mimi. Wageni watazungukia barabara ya juu, watatembea zaidi, na kwa kuwa wanapenda kutembea sioni watakachonung'unikia. Majirani wametoa ng'ombe wao. Wengine hawanisalimii. Nyasi za katikati zilizokanyagwa hazijaota, nadhani mwaka huu hazitaota, tutakuwa na upungufu, na itanibidi niuze ng'ombe wawili kabla ya Agosti ili wengine wavuke. Mmoja ni yule mwekundu wako. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Jana Jumamosi nilikwenda kuweka miiba. Wale wa kofia walikuwa wamesimama upande wa bwawani, kama sita, hawajui kinachoendelea. Nikawaambia kumefungwa. Mama yule wa mjini, aliyenionyesha nguzo siku ya kwanza, akaniuliza kwa adabu anayetoa ruhusa ni nani ili wakamwone ofisini kwake.

Nilikuwa na tope mpaka magotini, na tawi la mgunga begani. Nikamwambia ofisi ni hapa, na mwenyewe ni mimi, na leo nimekataa. Akasema asante mama, wakageuka, wakaondoka na fimbo zao.

Nikaweka tawi chini, nikarudi kuchukua lingine.

Klara Wiliam